Chaja Moja kwa Vyombo Vingi

Mnamo mwaka 2009, simu za mkononi zilizotumika katika nchi za Umoja wa Ulaya zilikuwa na chaja za namna zaidi ya 30. Aliyenunua simu mpya alipewa chaja mpya, na ile ya zamani, ijapokuwa nzima, haikumfaa tena. Tume ya Ulaya ilikadiria baadaye kwamba chaja zilizotupwa na zisizotumiwa zilifikia tani 11,000 za taka kwa mwaka. Hivyo mwaka 2022 ilipitishwa sheria iliyotaka simu, vishikwambi na kamera zitakazouzwa huko kuanzia tarehe 28 Desemba 2024 ziwe na tundu la aina moja, USB-C. Kompyuta za mkononi ziliwekewa tarehe 28 Aprili 2026.

Umbo la tundu, hata hivyo, ndilo sehemu nyepesi ya jambo hili. Lililo gumu ni kufanya chaja moja ilishe simu ndogo na kompyuta kubwa bila kuunguza chochote. Nguvu kwa wati ni volti mara ampea. Simu itakayo wati 15 hutoshelezwa na volti 5 na ampea 3. Kompyuta itakayo wati 60 ingehitaji, kwa volti hizo hizo, ampea 12. Lakini joto lipotealo katika waya hutegemea mraba wa mkondo. Ikiwa ukinzani wa waya ni omu 0.1, ampea 12 zitapoteza wati 14.4, joto la kutosha kuharibu waya mwembamba. Volti zikipandishwa hadi 20, mkondo hushuka kuwa ampea 3, na upotevu kuwa wati 0.9 tu.

Volti 20 nazo zingeweza kukiharibu chombo cha volti 5. Kwa hiyo chaja ya USB-C haitoi umeme kabla ya kutambua kwamba kuna chombo. Kisha hutoa volti 5, na kwa njia ya waya wa mawasiliano hutaja viwango iwezavyo kutoa. Chombo kikishachagua, ndipo volti zipande. Ni kama mgeni apigaye hodi: haingii mpaka aitikiwe.

Udhaifu uko katika kebo. Ya kawaida hubeba ampea 3. Ya ampea 5, itakiwayo ili kufikisha wati 100 au 240, sharti iwe na kijisehemu cha elektroniki cha kuitambulisha. Kwa nje zote mbili zaweza kuwa na sura moja. Zamani tundu lisilolingana lilimwonya mtumiaji. Sasa kila kebo huingia, na kompyuta huchelewa kujaa pasipo sababu kuonekana.

Kampuni ya Apple, iliyohamia USB-C kwa simu zake mwaka 2023, ilidai kwamba sheria ya namna hii hudumaza uvumbuzi. Dai hilo lina uzito. Mwaka 2009 watengenezaji walikubaliana kwa hiari kutumia micro-USB. Lau makubaliano yale yangekuwa sheria, USB-C ya mwaka 2014, iingiayo kwa upande wowote, ingechelewa. Sheria ya sasa yaweza kurekebishwa na Tume, lakini mwenye tundu bora zaidi hawezi kuuza Ulaya simu yenye tundu hilo peke yake.

Upande wa ukutani haukuguswa kabisa: plagi ya Kenya, yenye pini tatu bapa, bado haiingii katika soketi ya Ujerumani.