Petroli ya Bei ya Juu: Fungua Kifuniko Kabla ya Kufungua Pochi

"Ssebo, ya kawaida au V-Power?" Mhudumu ameshika nozeli, nyuma yako kuna boda tatu na teksi inayopiga honi, na mbele foleni ya Jinja Road inakungoja. Una sekunde mbili za kujibu swali ambalo kwa mwaka mmoja linaweza kukutoa zaidi ya shilingi milioni moja. Wengi hujibu kwa kuangalia hali ya mfuko siku hiyo. Mshahara ukiwa umeingia, gari linawekewa ya bei ya juu. Mwezi ukiwa kwenye kona, linarudi kwenye ya kawaida. Injini haijui tarehe za mshahara.

Jibu lenyewe halipatikani pale kwenye pampu. Lipate nyumbani, gari likiwa limezimwa, ukiwa na simu, kalamu na nusu saa ya utulivu. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, kwa sababu ya tano haikusaidii kitu kama umeiruka ya pili.

Hatua ya kwanza: jua namba ya oktani inapima nini

Oktani haipimi nguvu ya petroli, inapima uvumilivu wake. Ndani ya silinda, pistoni hupanda na kuubana mchanganyiko wa hewa na petroli, kisha plagi hutoa cheche. Petroli isiyo na uvumilivu ikibanwa sana hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Hapo ndipo makanika husema injini inagonga: unasikia mlio kama wa kokoto ndani ya mkebe, hasa ukikanyaga mafuta kwenye mlima. Ikigonga sana kwa muda mrefu, pistoni huharibika. Petroli yenye oktani kubwa inavumilia kubanwa mpaka moto wa plagi uifikie, na kazi yake inaishia hapo. Haimaanishi kwamba kila lita imebeba joto zaidi.

Kipimo chenyewe kimejengwa juu ya vimiminika viwili: isooktani, ambayo ilipewa 100 kwa sababu haigongi kwa urahisi, na heptani, ambayo ilipewa 0. Ukiambiwa petroli ni RON 95 (RON ni jina la kipimo hiki), maana yake inavumilia sawasawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za isooktani na 5 za heptani.

Majina yasikuchanganye. Kwenye risiti na pampu nyingi za Kampala petroli ya kawaida huandikwa PMS, na herufi ya kwanza hapo ni ya neno "premium". Kenya wanaiita "super". Kwa hiyo ile unayoidhani ya hali ya chini imeshabeba majina yote mawili ya kifahari. Achana na jina, tafuta namba.

Hatua ya pili: soma kifuniko cha tangi

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, nayo ndiyo inayorukwa zaidi. Fungua kile kifuniko cha nje cha tangi, angalia upande wake wa ndani. Mara nyingi kuna kibandiko kinachosema mtengenezaji anataka petroli gani.

Shida ya Kampala ni kwamba magari yetu mengi yalitumika kwanza Japani, na kibandiko kimeandikwa Kijapani. Tafuta mojawapo ya maneno haya. Ukiona レギュラー, gari lako linataka ya kawaida. Ukiona プレミアム au ハイオク, linataka oktani ya juu. Kama huwezi kulinganisha herufi kwa macho, piga picha uipitishe kwenye programu ya kutafsiri. Kama kibandiko kimefutika, tumia namba ya chesisi na jina la injini kutafuta kitabu cha gari hilo. Usimuulize aliyekuuzia gari, kwani yeye mwenyewe alilipokea kwenye kontena.

Sasa weka namba kwenye maneno hayo. Kiwango cha Japani kinataka petroli ya kawaida isipungue RON 89 na ile ya oktani ya juu isipungue RON 96. Kiwango cha pamoja cha Afrika Mashariki, EAS 158, kinadai zaidi ya hizo 89. Hii ina maana kwamba Premio, Allion, Fielder, Vitz, Raum au Spacio yenye kibandiko cha ya kawaida tayari inapata oktani inayozidi mahitaji yake kutoka kwenye pampu ya bei ya chini. Ukiiongezea, haina pa kuipeleka. Injini hizo zimeundwa kubana kiasi, na petroli ya kawaida inavumilia kiasi hicho bila taabu.

Lakini usihukumu kwa jina la gari tu. Mark X ya kizazi cha kwanza, ile iliyotoka 2004, ilitengenezwa kwa oktani ya juu. Ya kizazi cha pili, iliyoanza 2009, yenye injini ya lita 2.5 inatumia ya kawaida, ilhali dada zake zenye injini kubwa zaidi zinataka ya juu. Subaru Forester ni vivyo hivyo: yenye turbo kwa kawaida inataka ya juu, isiyo na turbo inaridhika na ya kawaida, nazo zinaweza kuegeshwa pamoja pale Wandegeya ukashindwa kuzitofautisha mpaka uone tundu la hewa kwenye boneti. BMW, Mercedes-Benz, Audi na Volkswagen kwa kawaida huhesabiwa kuanzia RON 95.

Mwenye gari la Marekani aangalie kitu kimoja zaidi. Wamarekani hutumia kipimo kingine ambacho namba zake ni ndogo. Namba 87 iliyoandikwa kwenye gari lao inakaribia RON 91 au 92, na 91 yao inakaribia RON 95 au 96. Ukisoma 91 ukadhani ni RON, utalinyima gari lako haki yake.

Kwa wenye boda, jibu ni fupi. Boxer na TVS zinazobeba watu mjini zina mgandamizo mdogo. Weka ya kawaida, iliyo safi.

Hatua ya tatu: tenganisha oktani na dawa ya kusafisha

Hapa ndipo matangazo yanapochanganya watu. Petroli inayouzwa kwa jina maalumu, kama V-Power ya Shell au Excellium ya TotalEnergies, inasifiwa kwa dawa inayosafisha njia za mafuta ndani ya injini. Dawa hiyo ni kitu kimoja na oktani ni kitu kingine. Petroli inaweza kuwa na dawa nzuri bila kuongezwa oktani, na ikaweza kuwa na oktani kubwa bila dawa ya maana. Kwa hiyo muulize msimamizi wa kituo maswali mawili yaliyotengana: hii ni RON ngapi, na ina dawa ya kusafisha? Kama gari lako linadai 95 na hakuna anayeweza kukuonyesha 95 imeandikwa popote, usilipe kwa imani.

Tangu Julai 2024 petroli ya Uganda inaingizwa na kampuni ya taifa ya mafuta, UNOC, ambayo huziuzia kampuni zenye vituo. Hii ina maana kwamba tofauti kubwa kati ya kituo na kituo ni kile kinachoongezwa baadaye, na uaminifu wa aliyeisafirisha na kuihifadhi.

Sitaidharau dawa ya kusafisha. Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilichapisha mwaka 2016 jaribio lililolinganisha petroli yenye dawa ya kutosha na isiyo nayo. Baada ya mwendo wa kama kilomita 6,400, ile isiyo na dawa ya kutosha iliacha masizi mara 19 zaidi kwenye vali za kuingizia hewa. Kama unapata petroli yenye dawa kwa tofauti ndogo ya bei, kuijaza mara moja moja kuna faida hata kwa Premio.

Isipokuwa kwa D4. Makanika wa Kampala wanazifahamu injini hizi za Toyota, na wengine hukunja uso wakizisikia. Humo petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya vali za kuingizia hewa, basi dawa iliyomo haizifikii vali hizo. Inasaidia injekta, lakini masizi ya kwenye vali yanataka injini ifunguliwe, yasafishwe kwa mkono.

Hatua ya nne: lisikilize gari mlimani

Panda Muyenga au Naguru, madirisha yakiwa wazi, redio imezimwa, tangi likiwa na petroli ya kawaida. Kanyaga mafuta kwa nguvu injini ikiwa bado inazunguka polepole. Kama kifuniko kinasema ya kawaida na husikii zile kokoto, petroli hiyo inaitosha.

Jiografia pia inatupendelea. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, na silinda inabana hewa pungufu. Kwa sababu hiyo hiyo, vituo vya Colorado, jimbo la milimani huko Marekani, huuza petroli ya namba 85 (kwa kipimo chao) mahali ambapo majimbo ya chini huanzia 87. Gari lisilogonga Kampala linaweza kugonga likishuka Mombasa kwenye joto na hewa nzito. Msamaha huu hauwahusu wenye turbo, kwa sababu turbo hurudisha ile hewa iliyopungua.

Je, kama gari la petroli ya kawaida linagonga? Usikimbilie ya bei ya juu ili kuuzima mlio. Kagua plagi, maji ya rejeta na masizi ndani ya injini. Kisha ushuku petroli yenyewe. Watanzania walitupa neno kuchakachua, nalo lilivuma kutokana na mafuta ya taa kuchanganywa kwenye petroli na dizeli, mpaka mamlaka yao ya nishati na maji, EWURA, ikaanza mwaka 2010 kuweka alama maalumu ndani ya mafuta. Uganda nayo ina mpango wake wa alama, unaohusisha shirika la viwango, UNBS, na wizara ya nishati. Mafuta ya taa yana oktani ndogo mno, kwa hiyo petroli iliyochakachuliwa inagonga hata kwenye injini isiyo na makuu. Badilisha kituo kwa matangi mawili usikie. Mlio ukiisha, umeokoa fedha ya fundi, na kile kituo cha kwanza usikirudie.

Hatua ya tano: pima kwa daftari

Uganda haipangi bei ya pampu kama mamlaka ya nishati ya Kenya, EPRA, inavyofanya huko kila mwezi, hivyo tofauti kati ya petroli mbili hubadilika kutoka kituo hadi kituo. Hesabu iwe yako mwenyewe. Jaza tangi mpaka nozeli ijikate, rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, endesha kama kawaida, kisha jaza tena kwenye pampu ileile. Gawanya kilomita kwa lita. Fanya matangi matatu ya kila aina, maana wiki moja ya foleni mbaya Entebbe Road inatosha kuharibu kipimo cha tangi moja.

Tuchukue mfano. Ya kawaida ni shilingi 5,000 kwa lita, ya juu ni 5,500. Kwa ya kawaida unapata kilomita 9 kwa lita, kwa ya juu 9.3. Unaona mwendo umeongezeka na unafurahi. Lakini kilomita moja ilikuwa inakugharimu shilingi 556, sasa inakugharimu 591. Ili ulipe sawa tu ungehitaji kilomita 9.9. Kwa lita 40 za kila wiki, tofauti ya shilingi 500 ni 20,000, na kwa mwaka ni 1,040,000. Fedha hiyo inanunua plagi nzuri, filta ya hewa na oili nzuri kwa wakati wake, vitu ambavyo injini yako itavihisi.

Usitarajie miujiza hata kwa gari ambalo mtengenezaji amelipendekezea oktani ya juu bila kuilazimisha. AAA walipoyajaribu magari ya namna hiyo mwaka 2017, wastani wa akiba ya mafuta ulikuwa asilimia 2.7.

Hatua ya sita: amua, kisha ushikilie

Kifuniko kikisema ya kawaida, weka ya kawaida kwenye kituo unachokiamini, tena kile chenye wateja wengi, na utunze risiti. Kikipendekeza ya juu, daftari lako liamue. Kikiilazimisha, na hasa gari likiwa na turbo, usibane matumizi hapo. Kompyuta ya gari hujitahidi kuzuia kugonga kwa kuchelewesha cheche, na unalipia ulinzi huo kwa nguvu iliyopungua na mafuta yaliyoongezeka. Siku ya mzigo na mlima mrefu, ulinzi huo unaweza usitoshe. Kama petroli hiyo inakuumiza mfuko, gari hilo limekuzidi gharama, na ni vema kulijua hili ukiwa bado kwenye bondi la kuuzia magari, kabla hujalipa.

Kuchanganya hakuna madhara. Lita 20 za RON 91 juu ya lita 20 za RON 95 zinakupa karibu 93. Kwa hiyo ukiwa na Forester ya turbo njiani kwenda Gulu, ukakuta kituo chenye ya kawaida peke yake, weka lita za kukuvusha Karuma tu, usikanyage hadi mwisho, acha kupita malori kwenye milima, na ukifika mjini ujaze ya juu hadi nozeli ijikate.