Kutia Reli za Droo Katika Kabati Lenye Fremu

Makazi ya Nakivale yalifunguliwa mwaka 1958, na hata leo wengi wafikao huko hawana mali ila mikono yao. Seremala wa huko akiuza kabati ambalo droo zake hukwama, jirani hatamwagiza tena. Na fedha za reli alizonunua Mbarara, pamoja na nauli, zimepotea bure. Kwa hiyo nataka kueleza kazi hii kama tuifanyavyo karakanani.

Kabati la namna hii lina fremu mbele, nayo huingia ndani kupita mbavu za kabati. Reli ikifungwa ubavuni moja kwa moja, droo itagonga fremu. Dawa yake ni kipande cha mbao cha kujazia. Ikiwa fremu imezidi ubavu kwa milimita 20, kipande nacho kiwe na unene wa milimita 20, kisizidi hata kidogo. Kifungwe ubavuni kwa gundi na skurubu.

Kisha pimeni upana wa nafasi, mbele na nyuma. Vipimo hivi viwili havina budi kulingana. Nyuma ikiwa pana zaidi, droo italegea kila isukumwapo ndani. Reli za chuma za kawaida, zile zenye gololi, zahitaji karibu milimita 13 kila upande. Basi nafasi ikiwa milimita 400, droo iwe milimita 374. Nunueni reli kwanza, ndipo mkate mbao za droo.

Ili reli mbili ziwe kimo kimoja, kateni ubao mmoja, mwuweke chini ya reli ya kulia, kisha ya kushoto. Msitegemee jicho. Toboeni matundu membamba kuliko skurubu, mti usipasuke. Anzeni na matundu marefu ya reli, kwani hapo reli yaweza kusogezwa. Droo ikienda vizuri, ndipo mkaze skurubu za matundu ya duara.

Asiye na fedha za reli za chuma asikate tamaa. Reli za mti mgumu, zilizopigwa randa vizuri na kupakwa nta ya mshumaa, zatosha kwa miaka mingi. Huko droo hupunguzwa kidogo tu. Lakini kipande cha kujazia na vipimo sawa havina badala. Mwenda pole hajikwai.