Chakula cha Matanga: Nani Amlishe Nani?

Tumeulizwa katika darasa letu suala ambalo tumeona ni vyema kulijibu hapa kwa urefu, kwani ni suala la nyumba nyingi. Mtu mmoja amekufa, ameacha mke na watoto wanne, wawili kati yao waume, na wote hawajabaleghe. Ameacha na fedha kidogo aliyoichuma katika uvuvi. Siku tatu za matanga zimekwisha, na sasa ndugu zake maiti wataka ifanywe arubaini kama walivyofanyiwa wazee wao: wachinjwe mbuzi, upikwe wali, watu waitwe. Mjane ameambiwa aitoe ile fedha. Je, hiyo ni haki?

Kabla ya kujibu, yafaa tutazame kwa nini wanadamu hufanya mambo haya, maana si sisi peke yetu tuyafanyao. Mwaka 1909 mwanachuoni mmoja wa Kifaransa, Arnold van Gennep, alitoa kitabu juu ya sherehe ambazo watu wa kila taifa huzifanya mtu anapotoka hali moja na kuingia hali nyengine: kuzaliwa, kubaleghe, kuoa, kufa. Aliona kwamba nyingi katika hizo zina sehemu tatu. Kwanza mtu hutengwa na hali yake ya zamani; kisha hukaa katikati, si wa huku wala wa huko; mwisho hurejeshwa kwa watu akiwa na hali mpya. Ambaye amepata kumwona mjane akikaa eda miezi minne na siku kumi, kisha akatoka, hatahitaji kuelezwa zaidi. Eda yenyewe ni amri ya Mwenyezi Mungu. Lakini haja ya nafsi ya kupewa muda wa kuvuka ni haja ya wanadamu wote.

Basi kosa haliko katika kuwa na ada. Kosa huingia pale ada inapogeuka kuwa deni.

Tazama Watoraja, watu wa milimani katika kisiwa cha Sulawesi huko Indonesia. Kwao mtu akifa huambiwa bado ni mgonjwa, na maiti yake huhifadhiwa nyumbani miezi, pengine miaka, huku akipelekewa chakula, mpaka jamaa wakusanye mali ya kumfanyia mazishi yampasayo. Siku hiyo huchinjwa nguruwe na nyati wa kufugwa, na kwa mtu mkubwa nyati hao huwa wengi sana. Kila mnyama aletwaye na jamaa au rafiki hukumbukwa ni wa nani, kwani hapana budi kulipwa siku mwenziwe atakapofiwa. Asipolipa baba, watalipa wana. Wengi wao waliingia dini ya Kikristo katika karne ya ishirini, lakini desturi hiyo haikuondoka. Wala tusiwacheke. Nasi twaijua nyumba inayoweka daftari ya ubani, ikajua nani katoa na nani hakutoa.

Lakini mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Java. Wajava ni Waislamu, na madhehebu yao ni ya Imamu Shafi kama yetu. Masharifu wa Hadhramaut waliofika Lamu walifika na kwao, na Maulidi ya Barzanji husomwa huko kama yasomwavyo huku. Mtu akifa, Wajava wengi hukusanya majirani wasome na kula siku ya tatu, ya saba, ya arubaini, ya mia, na hata ya elfu. Karamu hiyo huiita slametan, neno lililotokana na salama, na kile chakula ambacho mgeni hukichukua kwenda nacho kwake hukiita berkat, yaani baraka. Mwaka 1912 Ahmad Dahlan alianzisha chama cha Muhammadiyah katika mji wa Yogyakarta, na watu wa chama hicho walizikataa karamu hizi. Mwaka 1926 wanavyuoni wengine waliunda Nahdlatul Ulama, nao wakazitetea. Mabishano yale ni haya haya yetu, hata maneno yanafanana.

Sasa sikilizeni lililotokea huko mwaka 1954. Tunalieleza kwa sababu linatuhusu sisi tusemao tunatengeneza mambo. Mwanachuoni wa Kimarekani, Clifford Geertz, alikuwa akikaa katika mji mdogo mashariki ya Java, na mwaka 1957 aliandika aliyoyaona. Mtoto wa kiume wa umri wa kama miaka kumi alikufa ghafula nyumbani kwa mjomba wake. Mjomba huyo alikuwa mwanachama wa chama cha siasa kilichoupinga Uislamu na kushikilia mila za kale za Kijava. Akaitwa mtu wa dini aliyewekwa kwa kazi ya mazishi. Alipofika akaona alama ya chama kile nyumbani, akasema hawezi kumzika mtoto huyo kwa taratibu ya Kiislamu, wafanye wenyewe kwa dini yao. Wao hawakujua la kufanya. Majirani wakakaa makundi mawili, hawa huku na hawa kule, na maiti ya mtoto ikalala saa nyingi bila ya kuoshwa, mpaka wazazi wake walipowasili kutoka mji mwengine na baba akasema ataka mwanawe azikwe Kiislamu. Ndipo akaoshwa, akakafiniwa, akazikwa.

Mtoto wa miaka kumi ana siasa gani? Kuosha maiti na kumzika ni faradhi ya kutosheleza. Wote wakiiacha, wote wana dhambi. Mtu yule alidhani anailinda dini. Nasi tumeyasikia ya kufanana na haya si mbali: mtu akatae kwenda kumpa mkono mfiwa kwa kuwa nyumbani kwake kutasomwa khitima.

Turudi kwa mjane wetu. Hapa hatuzungumzi kumwombea maiti dua, jambo ambalo halina ugomvi. Tunazungumza chakula, na fedha ya nani. Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (S.A.W.) aliamrisha watu wa nyumba ya Jaafar ndio wapikiwe, kwa kuwa wameshughulishwa na msiba. Imamu Shafi katika kitabu chake Al-Umm amependelea majirani na jamaa wawapikie wafiwa siku ile na usiku wake, na amechukia mkutano wa matanga kwa kuwa huzidisha huzuni na kuwatwika watu gharama. Sisi tumelipindua: mfiwa ndiye mpishi, na jirani ndiye mgeni.

Ama ile fedha, baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia, thumuni ni ya mjane na iliyobaki ni ya watoto wake. Ndugu zake maiti, maadamu kuna wana waume, hawarithi hata senti moja. Vipi basi wataamrisha itumiwe? Sehemu ya watoto hakuna awezaye kuitoa karamu, si ami yao wala mama yao, na wao wenyewe wakiridhia ridhaa yao haishiki, kwani hawajabaleghe. Na mwenye kula mali ya yatima kwa dhulma ameonywa katika Qurani kwa onyo zito.

Ndugu zake wakitaka kutoa sadaka kwa ajili ya maiti wao, na watoe katika mifuko yao, na waanze na wale watoto wanne: mmoja wao, tumeambiwa, amekwisha kutolewa chuoni kwa kukosa ada.

Suala la pili tuliloulizwa, juu ya akika na gharama za arusi, tutalijibu katika toleo lijalo inshaallah.