Usihesabu Kilomita Tu

Mwenzangu unayekuja chuoni na gari la mzee, oili unamwaga lini? Wengi husema kila kilomita 5,000 au miezi sita, kimoja kikitangulia. Sintetiki yaweza kufika 10,000. Sawa, lakini kwenye foleni injini inazunguka saa nzima na kilomita haziongezeki. Safari fupi za hosteli hadi darasani ndizo mbaya kabisa: injini haipati moto wa kutosha, unyevu na petroli isiyoungua vinabaki humo humo kwenye oili. Weusi wake usikutishe, inabeba masizi, ndiyo kazi yake. Yangu ilipungua kimyakimya, kilomita 3,000 tu tangu nimwage, nami sikuchomoa kijiti cha kupimia hata siku moja. Injini ikanoki. Mzee bado hajajua.