Mgeni Ni Mimi: Jinsi ya Kutembelea Magofu ya Majumba ya Kifalme

Naishi Amani, karibu na uwanja wa mpira. Kila nikienda kwa bibi yangu Bububu, daladala hupita Maruhubi na Mtoni, na miaka yote hiyo sikuwahi kushuka. Muhula uliopita tulipewa kazi ya darasani kuhusu maeneo ya kihistoria, ndipo nikashuka.

Kwenye gofu moja, silitaji jina, mzee aliyekaa mlangoni alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu.

"Mwanangu, mgeni wako yuko wapi?"

"Shikamoo mzee. Mgeni ni mimi."

Akacheka, akaniambia ningoje kwanza. Likaja gari la watalii, nikaingia nyuma yao kama mkia. Tulizungushwa robo saa: Sultani, wake zake, hamamu, picha, basi. Nikatoka na daftari karibu tupu. Hapo ndipo nikaelewa kuwa njia unayopitishwa ndiyo inayokuchagulia hadithi. Nikarudi siku nyingine, safari hii kwa njia zangu tatu.

Kwanza, anza pwani. Majumba haya yalitazama bahari. Mtoni lilikuwa kasri la Sayyid Said, na Maruhubi lilijengwa na mwanawe, Sayyid Barghash, mwanzoni mwa miaka ya 1880, likaungua mwaka 1899, zikabaki nguzo na hamamu. Siku hizi tunafika kwa barabara ya lami, yaani tunaingilia uani! Maji yakitoka, shuka ufukweni, kisha geuka ulitazame jumba. Hapo utaona kwa nini lilijengwa pale.

Pili, fuata maji. Jina la Mtoni lenyewe linakuambia kuna kijito. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alizaliwa hapo mwaka 1844, na katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886 anakadiria kuwa watu wapatao elfu moja waliishi katika kasri lile. Sasa jiulize: watu elfu moja, nani aliwapikia? Nani aliwateki maji, nani aliwafulia nguo? Ukisimama hamamuni usitazame tu mahali pa kuogea. Tafuta na mahali aliposimama aliyekoka moto.

Tatu, panda shambani. Kutoka Bububu ingia ndani mpaka Kidichi, kwenye hamamu iliyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke wa Sayyid Said aliyetoka Uajemi. Mapambo ya plasta ukutani ni ya Kiajemi, yanapendeza kweli. Lakini utajiri uliojenga haya yote ulitoka kwenye mikarafuu, na waliochuma na kubeba karafuu wengi wao walikuwa watumwa. Utumwa ulikuja kufutwa kisheria hapa mwaka 1897. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikataifishwa, na wananchi wakagawiwa eka tatu tatu. Kwa hiyo ukitembea huko mashambani unapita kwenye riziki ya mtu. Piga hodi. Usikanyage majamvi ya karafuu, usichume kitu, na usimpige mtu picha kabla hujamuomba.

Nilipopiga hodi mimi, mama mmoja aliyekuwa akigeuza karafuu juani alinijibu, "Karibu, pita." Hakuniuliza mgeni wangu ni nani. Akanionyesha njia ya mkato na akanisimulia jinsi babu yake alivyokuwa mchumaji. Ukurasa ule ndio mwalimu aliousifu zaidi.

Sasa nina ombi kwa jumuiya yetu: kila muhula tuwe na matembezi ya siku moja, kwa daladala na miguu, pwani mpaka Kidichi. Nauli ni ndogo. Beba maji, vaa viatu vya kufunga, chukua kitambulisho cha chuo. Na ukiulizwa mgeni wako yuko wapi, jibu unalo.