Siku Moja Katika Ufuo wa Kokoto

Neno ufuo aghalabu humletea msikilizaji picha ya mchanga laini. Lakini fuo nyingi za kusini mwa Uingereza zimefunikwa na kokoto, yaani mawe madogo yaliyolainishwa na mawimbi. Mojawapo iliyo mashuhuri ni Chesil Beach, katika eneo la Dorset. Mtu apangaye kupumzika huko kwa siku moja hana budi kwanza kuelewa jinsi maji yanavyofanya kazi juu ya mawe, kwani usalama wake wategemea elimu hiyo.

Umbo la ufuo

Chesil ni tuta la kokoto lenye urefu wa kilomita 29 hivi, kutoka West Bay hadi Portland. Kokoto zake nyingi ni za gumegume. Upande wa West Bay hulingana na punje za njegere. Upande wa Portland hufikia ukubwa wa kiazi. Husimuliwa kwamba wavuvi wa zamani waliofika pwani usiku waliweza kutambua walipo kwa kupapasa mawe. Nyuma ya tuta kuna wangwa mrefu wa maji ya chumvi uitwao Fleet. Mwaka 2001 UNESCO iliiingiza pwani hiyo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Sababu ya mteremko mkali

Wimbi lipandapo ufuoni hubeba mawe. Katika mchanga mwembamba, maji mengi hurudi baharini yakipita juu juu, na hukokota tena mchanga yaliouleta. Katika kokoto, maji huzama baina ya mawe. Yarudiyo juu huwa machache na dhaifu, hayawezi kuyarudisha mawe yote. Basi mawe hulundikana na mteremko huwa mkali. Kwa sababu hiyo kina cha maji huongezeka ghafula hatua chache tu kutoka ukingoni, na wimbi huvunjika kwa nguvu zake zote karibu na miguu ya mtu.

Hatari huzidi mawimbi makubwa yanapofuatana upesi. Nafasi baina ya mawe hujaa maji, na maji yanayokuja baadaye hukosa pa kuzama. Hurudi kwa kasi yakikokota mawe, na mtu aliyesimama juu yake hukosa pa kukanyagia. Tena ufuo huu unaelekea kusini-magharibi, upande wa Bahari ya Atlantiki. Mawimbi yaliyozaliwa na dhoruba ya mbali huweza kufika siku isiyo na upepo. Mwezi Novemba 1824 dhoruba iliyavusha maji juu ya tuta na kuua zaidi ya watu 20 katika kijiji cha Chiswell.

Mpango wa siku

Kwanza, achague majira. Mwezi Juni jua hutua baada ya saa 3 usiku. Desemba hutua mnamo saa 10 alasiri. Safari ya treni kutoka London hadi Weymouth huchukua karibu saa 3, kisha basi huenda Portland.

Pili, asome utabiri wa mawimbi pamoja na saa za maji kujaa na kupwa. Mawimbi yakiwa makubwa, atembee juu ya tuta, mbali na ukingo.

Tatu, avae viatu imara, kwa kuwa kilomita moja juu ya kokoto huchosha kuliko kilomita kadhaa barabarani. Achukue nguo ya kuzuia upepo. Hata Agosti maji huwa na nyuzi 17 hivi za Sentigredi. Aingiaye ghafula hukatika pumzi.

Nne, asiondoke na kokoto, wala asiingie sehemu zilizofungwa wakati membe wanapotaga.

Zoezi

Msomaji achukue makopo mawili yenye matundu madogo yaliyo sawa chini yake. Moja alijaze mchanga mwembamba, jingine kokoto. Amimine kikombe kimoja cha maji katika kila kopo na kulinganisha muda wa kupita. Kisha amimine maji mengi mfululizo katika kopo la kokoto. Matundu yakizidiwa, maji yatafurika juu ya mawe. Ufuo uliofikia hali hiyo haufai kuogelewa, hata kama jua linawaka.