Mkufunzi wa Wachimbaji Awe Mtu wa Namna Gani: Mafunzo Niliyopata Kakola

Mgodi wa Bulyanhulu ulipoanza kuzalisha dhahabu mwaka 2001, vijana wa Kakola walijikuta wanaishi kati ya machimbo ya aina mbili: huku mitambo mikubwa inayoteremka chini ya ardhi, huku maduara ya wachimbaji wadogo, ya winchi na mtaimbo. Mimi nilifundishwa kazi upande wa kwanza, kisha nikawa mkufunzi wa usalama kwa watu wa upande wa pili. Nimeona wakufunzi wanaosikilizwa na wasiosikilizwa, na tofauti yao haikuwa elimu.

1. Aanze kwa kuuliza.

Mzee aliyepiga matimba, yaani magogo ya kushikilia mwamba, kwenye duara tangu ujana wake hafundishiki na mtu anayemchukulia kuwa hajui kitu. Msalimie kwa Kisukuma, mwangaluka, kaa naye, muulize: mzee, mwamba ukitaka kushuka mnautambuaje? Atakwambia vumbi hutangulia kudondoka, matimba huanza kulia. Hilo tayari ni somo, tena zuri. Baada ya hapo ndipo umwongezee asilolijua. Baruti ikishalipuka huacha monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, kwa hiyo anayetegemea pua yake kujua kama duara limesafika anaweza kuanguka humo humo. Nimeona wazee wakilipokea jambo hili bila ubishi kwa sababu wao walisikilizwa kwanza.

2. Awe mpole wa maneno, mkali wa kipimo.

Hili naliweka juu ya yote. Mkufunzi aliyenifundisha kukagua mwamba alisimama mahali palipokwisha kuhakikiwa, akagonga paa kwa mtaimbo mrefu, akatuambia tusikilize. Mwamba mzima hutoa mlio mkali, unaolia. Uliolegea husikika kama debe tupu. Hakutuambia upi ni upi. Alimpa kila mmoja mtaimbo, akangoja. Mwenzetu mmoja alikosea, akarudia, akakosea tena. Mkufunzi hakupandisha sauti wala hakumfananisha na wengine, lakini pia hakumpitisha. Alimrudisha kesho yake, na kesho iliyofuata, hadi sikio lake likakaa sawa.

Wakufunzi wengi wana kimoja tu kati ya viwili hivyo. Mkali huogopwa, watu wakaficha wasichokijua. Mpole naye huwapitisha wote kwa huruma, na huruma hiyo huja kulipiwa chini ya ardhi.

3. Kofia yake iwe kichwani.

Hata anapopita dakika moja tu kuchukua daftari lake. Wanafunzi wanamtazama.

4. Asifundishe kwa kutisha.

Oktoba 2015 duara liliporomoka Nyangalata, wilayani Kahama, na wachimbaji watano wakaja kuokolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Huku kwetu kila mtu anaijua habari hiyo, na darasani anaweza kuwemo ndugu wa aliyefukiwa pale au kwingine. Asiye na utu huisimulia ili watu watetemeke. Mwenye utu huitaja kwa heshima, kisha huuliza: leo wewe ukishuka, nani huku juu anajua umeingia duara lipi, na saa ngapi? Kwa swali hilo watu hukubali kuweka daftari la majina mdomoni mwa duara.

5. Awafuate wasioitwa.

Mafunzo ya usalama yakitangazwa, wanaokuja ni wanaume wanaoshuka. Akina mama wa kwenye makarasha ya kusaga mawe na mialoni wanakooshea mchanga wa dhahabu hubaki kazini, na hao ndio wanaoshika zebaki ya kunasia dhahabu kwa mikono mitupu. Ikichomwa, mvuke wake huingia kwa pumzi, na mtoto aliye mgongoni anavuta hewa ile ile. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, lakini mkataba haumfikii mama huyo bila mtu kuinama mialoni na kuzungumza naye kwa lugha anayoielewa, Kisukuma ikibidi.

Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) lina vituo vya mfano kwa wachimbaji wadogo Lwamgasa, Katente na Itumbi, na ni jambo jema sana, lakini vituo navyo vinahitaji wakufunzi wa namna hii. Ombi langu kwa wanaoajiri wakufunzi, serikalini na migodini: msitosheke na vyeti. Mpelekeni mwombaji mialoni asubuhi moja, kisha waulizeni wale akina mama kama wangependa arudi.